Uzi: Umeme ukikatika saa nane usiku na wewe umelala nyumbani, seva za chuo zijizime na kujiwasha zenyewe

#1 FundiSeva_Moro

Wakuu, habari za kazi. Uzi huu ni wa wanaotunza seva za vyuo, hasa vyuo vyenye chumba kimoja cha seva, watu wawili wa kazi na jenereta inayowashwa na askari wa zamu. Maswali haya yanajirudia kila masika, bora yakae pahali pamoja.

Shabaha ni moja: umeme ukatike saa nane usiku, urudi saa kumi, na saa mbili asubuhi wanafunzi waingie Moodle (mfumo wa masomo mtandaoni) bila mtu kutoka kitandani. Vifaa vya kawaida vinatosha, ila mipangilio lazima ikamilike yote.

Naanza na kosa linalowaamsha watu kuliko yote. Umeme unakatika, UPS (kisanduku cha betri za akiba) inashika, betri inashuka, NUT (programu inayoisoma UPS) inazima seva kwa adabu. Hadi hapo safi. Dakika mbili baadaye umeme unarudi, UPS ikiwa bado na chaji kidogo na haijakata umeme kwenye matundu yake ya kutolea. Kwa seva, umeme haukuondoka hata sekunde moja. Imezimwa, basi inabaki imezimwa. Ule mpangilio wa BIOS (programu ya msingi ya seva) wa kuwaka umeme ukirudi hauna la kufanya, maana kwake hakuna kilichorudi. Asubuhi unakuta taa za swichi zinametameta na seva zote kimya.

Dawa ni UPS yenyewe ikate umeme baada ya seva kuzima, hata kama umeme wa gridi umesharudi, halafu iurudishe. Kwenye seva iliyoungwa na UPS kwa USB:

`/etc/nut/upsmon.conf`
`POWERDOWNFLAG /etc/killpower`

`/etc/nut/ups.conf`
`[chuo]`
`driver = usbhid-ups`
`port = auto`
`offdelay = 240`
`ondelay = 300`
`ignorelb`
`override.battery.charge.low = 50`

`POWERDOWNFLAG` ni faili la alama kwamba UPS nayo ikate. `offdelay` ni sekunde ambazo UPS husubiri kabla ya kukata. Thamani ya asili ni 20, na hapo ndipo data huharibika: UPS inakata wakati MySQL (hifadhidata) bado inaandika. Pima seva yako nzito kuliko zote huchukua sekunde ngapi kuzima, ongeza nusu yake. `ondelay`, sekunde za kusubiri kabla ya kurudisha umeme, lazima iizidi `offdelay`.

`ignorelb` na ile 50 zinasema hivi: usingoje UPS ilie kwamba betri imekwisha, anza kuzima ikifika asilimia 50. UPS nyingi hulia zikiwa zimebakiwa na dakika mbili tu, na kwa betri iliyozeeka hizo mbili ni za kwenye karatasi.

Kisha BIOS ya kila seva: umeme ukirudi, waka. Usiweke "rudi katika hali ya mwisho", kwa sababu hali ya mwisho ilikuwa kuzima.

#2 Stima_Imepotea (Eldoret)

Umegusa penyewe. Nitaongeza mambo mawili ambayo watu husahau hata wakishaweka NUT vizuri.

La kwanza, swichi. Seva moja ndiyo imeshikana na UPS kwa USB, zile zingine zinapata habari kupitia mtandao, bandari 3493. Kama swichi inayoziunganisha iko kwa soketi ya ukuta, stima ikipotea swichi inakufa papo hapo, na hizo zingine hazisikii lolote hadi betri inaisha. Swichi ya rafu ya seva iwe kwa UPS hiyo hiyo. Ni wati 30 hadi 60 hivi, usiionee choyo.

La pili, `HOSTSYNC`, muda wa seva kuu (yenye waya wa USB) kuzisubiri zile zingine. Kwa kawaida ni sekunde 15. Seva kuu husubiri zile ndogo zijitoe, lakini kujitoa si kuzima. Ndogo hukata mawasiliano mapema tu inapoanza kuzima, kisha bado iko na dakika tatu za kufunga VM zake (kompyuta pepe zilizo ndani yake). Ndiyo maana mkuu hapo juu anasema `offdelay` ihesabiwe kwa mashine iliyo polepole zaidi, wala si kwa ile yenye waya wa USB.

Kwa wenye Proxmox (programu ya kuendesha VM), mpangilio wa kila VM:

`qm set 101 --startup order=1,up=60,down=120`

Namba ndogo huwaka kwanza na kuzima mwisho. Utaratibu unaofaa chuo: 1 ni DNS na DHCP (majina na anwani za mtandao), 2 ni LDAP au Active Directory pamoja na RADIUS (utambuzi wa watumiaji), 3 ni hifadhidata, 4 ni Moodle na mfumo wa usajili, 5 ni hayo mengine yote. `up=60` (kungoja sekunde 60 kabla ya kuwasha inayofuata) kwa hifadhidata ni ya maana, maana Moodle ikiamka kabla ya MySQL itakupa ukurasa wa hitilafu, na mwanafunzi wa kwanza kuuona ataupiga picha na kuusambaza.

Angalia pia QEMU guest agent, programu ndogo ya ndani ya VM inayopokea amri. Ukiiwasha kwa mipangilio ya VM lakini ndani ya VM haijasakinishwa, amri ya kuzima itangoja bure mpaka muda wake uishe, kisha VM inakatwa kwa nguvu. VM kumi za namna hiyo zinamaliza betri.

#3 kinyonga_2

Mkuu FundiSeva, UPS ya 3kVA itashika dakika ngapi? Muuzaji anasema nusu saa.

#4 FundiSeva_Moro

Muulize: nusu saa kwa mzigo gani?

Tufanye hesabu. UPS nyingi za 3kVA za aina ya online zina betri 6 au 8 za volti 12, 9Ah, zimeunganishwa mfululizo. Chukua 6: 6 × 12 × 9 ni 648Wh. Mzigo wako tuseme wati 1,800. 648 gawanya kwa 1,800 ni saa 0.36, yaani dakika 21. Lakini ile 9Ah hupimwa kwa kuimaliza betri taratibu kwa saa 20. Ukiivuta kwa kasi ya dakika, inatoa kama nusu. Toa na kinachopotea ndani ya UPS. Unabaki na dakika 10 hivi betri zikiwa mpya. Ukianza kuzima kwenye asilimia 50 una dakika 5 za kazi.

Kwa hiyo kazi ya UPS ni kuipa jenereta nafasi ya kuwaka, au kuzipa seva nafasi ya kuzima. Haikuwekwa kuendesha chuo.

Betri: joto ndilo adui. Betri za asidi hupimwa kwa nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinazozidi hapo hupunguza umri wake kwa karibu nusu. Chumba kikiwa na nyuzi 35, betri ya miaka minne inakwisha kwa miwili. Zibadilishwe zote kwa mkupuo, za kampuni moja na toleo moja. Kuchomeka moja mpya katikati ya tano chakavu ni kutupa hela, kwa sababu zimefungwa mfululizo na iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua. Andika tarehe ya kufunga kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya UPS, kwa nje, mtu asome bila kufungua kitu.

#5 BinUnguja

Assalaam alaykum. Ahsanteni kwa darsa. Kwa sisi wa visiwani na mwambao, ongezeni chumvi. Kipoza cha nje cha AC kikielekea baharini, mapezi yake ya aluminiamu huliwa na chumvi yakamomonyoka kama biskuti, na AC hupoteza nguvu kidogokidogo bila kutoa ishara yoyote. Kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila mwezi, maji yatoke ndani kwenda nje ili uchafu usisukumwe katikati, wala msitumie mashine ya presha kubwa kwani inayalaza mapezi. Na seva isiwekwe chumba chenye dirisha la kufunguliwa. Chumvi ikiingia na unyevu hukaa juu ya miguu ya RAM, seva ikawa inajizima bila sababu. Kuchomoa RAM, kufuta miguu kwa spiriti isiyo na maji na kurudisha hutosha mara nyingi.

Swali langu ni la AC. Umeme ukirudi, seva zinawaka zenyewe, AC haziwaki. Mnafanyaje?

#6 Dada_wa_Rafu

Wa alaykum salaam Sheikh. Hilo ndilo shimo kubwa la mpango wote huu, na halimo kwenye vitabu vya NUT.

AC nyingi za ukutani zina kazi ya kujiwasha umeme ukirudi, lakini nyingine huja imezimwa, na baadhi ya modeli hazina kabisa. Usisome kijitabu, jaribu: washa AC, zima swichi yake kwenye boksi la umeme, ngoja dakika tano, washa. Ikikaa na taa ya kusubiri rimoti, hiyo haifai chumba cha seva kabla haijarekebishwa. Zingatia pia kile kifaa cha kulinda AC dhidi ya umeme mdogo au mkubwa: kina ucheleweshaji wa dakika kadhaa, na hiyo ni sawa, kompresa inahitaji kama dakika tatu presha itulie. Usiupunguze.

Ukubwa wa AC: wati moja ni BTU 3.412 kwa saa. Wati 1,800 ni kama BTU 6,140. Ongeza joto la UPS yenyewe, taa, ukuta unaopigwa jua la mchana, mtu mmoja ndani. BTU 12,000 inatosha. Lakini nunua mbili za 12,000, kila moja iwe na uwezo wa kubeba chumba peke yake, na zipokezane kila wiki. Moja ya 24,000 ikifa, huna kitu. Mbili za 12,000 moja ikifa, huna wasiwasi mpaka Jumatatu.

AC haikai kwenye UPS. Maana yake katika zile dakika za betri hakuna kupoza, na chumba kidogo chenye wati 1,800 kinaweza kupanda nyuzi 10 ndani ya robo saa. Jenereta ikiwaka na AC zisiwake, seva zitapikika huku umeme upo. Hali hiyo ni mbaya kuliko giza, kwa sababu NUT haioni tatizo lolote. Weka kikomo cha pili, cha joto:

`ipmitool sdr type Temperature`

Soma joto la hewa inayoingia mbele ya seva, usisome la prosesa. Likifika 32, ujumbe. Likifika 38 kwa dakika tano mfululizo, zima kwa mpangilio uleule wa umeme. Kipimo cha joto cha DS18B20 cha bei rahisi kikiongezwa mbele ya rafu ni vizuri, ila kisikae karibu na mlango wala chini ya mdomo wa AC. Hapo kitakudanganya mchana na usiku.

Bomba la maji ya AC lisipite juu ya rafu. Nadhani hili halihitaji maelezo.

#7 wingu_ni_jibu

Mnajisumbua jamani. Pelekeni kila kitu kwenye wingu, mlale.

#8 Stima_Imepotea (Eldoret)

Barua pepe na tovuti ya chuo, sawa, nakubaliana. Zikae nje. DNS ya pili pia ikae nje, kwa sababu chuo kikilala domeni yako isilale nayo, barua zitafutiwe njia.

Moodle ni hesabu tofauti. Wanafunzi 600 wakiwa ndani ya kampasi wakifungua video ya mhadhara kutoka seva ya ndani, hawatumii hata kilobaiti ya laini ya nje. Ihamishe ng'ambo, kila mmoja anaivuta upya kupitia kebo ya baharini. Mei 12, 2024 EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja, Kenya, Tanzania na Uganda zote zilionja. Seva zilizo ndani ya kampasi, au ndani ya nchi na kufikiwa kupitia KENET, TERNET au RENU (mitandao ya vyuo ya Kenya, Tanzania na Uganda), hazitegemei kebo hizo.

Halafu bili huja kwa dola na bajeti yako iko kwa shilingi, na kuna sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kupeleka matokeo na rekodi za hospitali ya chuo nje ya nchi kuna masharti yake. Soma kabla ya kubofya.

#9 FundiSeva_Moro

Na hata "bure" za wingu hubadilika. Google ilikuwa inawapa vyuo nafasi bila kikomo, 2021 ikatangaza mwisho wake, na 2022 ikaanza kuweka terabaiti 100 kwa taasisi nzima. Waliokuwa wamezifanya Drive za wafanyakazi kuwa ghala la video walihangaika.

Tuendelee na umeme.

#10 MamaK_

Samahanini, mimi si fundi, mume wangu ndiye. Nimeletewa uzi huu nisome. Swali langu: kwa nini simu lazima ilale chini ya mto ikitetemeka usiku kucha? Mara ishirini kwa usiku, na mara kumi na tisa anaisoma kisha analala tena.

#11 Dada_wa_Rafu

Shemeji, karibu sana. Hizo kumi na tisa ni kosa la mpangilio, na linarekebishika.

Mume wako amewasha tahadhari kwa kila kitu: diski imefika asilimia 80, printa haina karatasi, mtu kakosea nywila mara tano. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji mtu saa nane usiku. Za kuamsha mtu ziwe nne tu:

UPS iko kwenye betri zaidi ya dakika tano (chini ya hapo jenereta huenda inawaka).
Joto la mbele ya rafu limepita 32.
Swichi kuu au laini ya nje imekufa zaidi ya dakika 15, na iwe ni wiki ya mitihani au ya usajili.
Seva ya diski haipatikani.

Diski moja ya RAID 6 (inayovumilia diski mbili kufa) ikifa usiku, hiyo ni ya asubuhi. Bekapu ikishindwa, ni ya asubuhi. Zote ziandikwe kwenye barua moja ya saa moja asubuhi.

Kisha simu: weka hali ya kimya usiku, ruhusu namba moja tu ipenye, ile ya modemu ya seva. Kundi la WhatsApp la idara lisipenye. Mkuu wa kitivo naye asipenye. Simu ikilia, ujue ni kweli.

#12 BinUnguja

Modemu ya seva ndiyo ipi?

#13 Dada_wa_Rafu

Ni hivi Sheikh. Tahadhari inayopita kwa barua pepe au Telegram inategemea laini ya intaneti ya chuo. Laini ikifa, tahadhari ya kwamba laini imekufa haitoki. Nunua modemu ya USB ya kutumia laini ya simu, ichomeke kwenye seva ndogo ya uangalizi, sakinisha Gammu (programu ya kutuma SMS), na kifaa cha uangalizi kama Zabbix au Nagios kiite:

`gammu-smsd-inject TEXT 07XXXXXXXX -text "UPS iko kwenye betri dak 5"`

Makosa yake yanajulikana. Laini imesajiliwa kwa jina la mtu, mtu kahama, laini imefungwa: isajili kwa jina la chuo. Bando la SMS limekwisha siku zake na salio halipo: weka salio la kawaida, usitegemee bando. Modemu imeganda na hakuna anayejua: ipange itume SMS ya neno "mzima" kila siku saa moja jioni. Jioni isipokuja hiyo SMS, modemu ndiyo mgonjwa. Chumba cha chini ya ardhi hakina mtandao wa simu: tumia waya wa USB wenye kikuza nguvu, usizidishe mita tano kwa waya wa kawaida.

#14 kinyonga_2

Na kuingia kutoka nyumbani? Kwangu umeme huo huo unakatika.

#15 Stima_Imepotea (Eldoret)

Nyumbani ni rahisi kuliko ofisini. Ruta ya kawaida ya volti 12 hula wati 10 au chini. Betri ya 12V 7Ah ni 84Wh, ikitoa vizuri unapata kama saa sita. Vile vijisanduku vya UPS vya ruta vinafanya kazi hiyo hiyo bila wewe kuunga waya. Angalia tu volti: kuna ruta za 9V na za 12V, plagi zinafanana.

Njia ya kuingia ni WireGuard (VPN, njia iliyofichwa ya kufika mtandao wa chuo), bandari ya UDP 51820, na `PersistentKeepalive = 25` upande wa simu au leptopu, kwa sababu mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja na hufunga njia iliyonyamaza.

Lakini WireGuard ikikaa ndani ya VM, na VM imelala, huingii. Iweke kwa ruta yenyewe au kwa kompyuta ndogo iliyo kwa UPS. Njia ya pili ya akiba: modemu ya 4G ndani ya chumba cha seva ikijiunga YENYEWE kwenda seva ndogo ya kukodi nje, na wewe unaingia kupitia huko. Kupiga moja kwa moja kuelekea laini ya 4G hakuwezekani, hiyo anwani moja tena. Kupitia hapo fika iDRAC, iLO au IPMI (sehemu ya seva ya kuiendesha kwa mbali), uwashe seva iliyokataa. IPMI zisionekane kutoka intaneti, hata kwa dakika tano. Hata kama "ni kujaribu tu".

#16 mzee_wa_swichi

Mmesahau upande wa hosteli. Umeme ukirudi ndipo mambo ya ajabu hutokea.

Mwanafunzi ana ruta yake ndogo chumbani. Umeme umepandapanda, ruta imejirudisha katika hali ya kiwandani, imechomekwa ukutani kupitia tundu la LAN, sasa inagawa anwani za 192.168.0.x au 192.168.1.x kwa ghorofa nzima. Yenyewe imewaka kwa sekunde 40, DHCP ya chuo bado inasubiri VM iamke. Nani atasikika kwanza? Asubuhi malalamiko: WiFi ipo, intaneti hakuna. Dawa iko kwenye swichi za hosteli, zikatae anwani zinazogawiwa na kifaa kisichoaminika:

`ip dhcp snooping`
`ip dhcp snooping vlan 20`
`no ip dhcp snooping information option`

na `ip dhcp snooping trust` kwenye waya unaopanda kwenda swichi kuu pekee. Ule mstari wa tatu usiuache: swichi za Cisco huongeza taarifa ndani ya maombi, na baadhi ya seva za DHCP zikiiona huyakataa, ukalaumu kila kitu isipokuwa hiyo. Ongeza `spanning-tree bpduguard enable` kwenye matundu ya vyumba, kwa ajili ya yule aliyechomeka waya ncha zote mbili ukutani.

Ukubwa wa mtandao: /24 ni anwani 254 tu. Hosteli ya wanafunzi 400 wenye simu na leptopu inahitaji /22, yaani 1,022. Ukiwa bado una /24, punguza muda wa kukodisha anwani uwe saa moja badala ya siku. Na usisajili simu kwa anwani ya MAC (namba ya kifaa kwenye mtandao): tangu Android 10 na iOS 14 simu hutumia MAC ya kubuni kwa kila mtandao. Tumia eduroam (WiFi ya pamoja ya vyuo), jina na nywila.

#17 FundiSeva_Moro

Mzee umenikumbusha saa. Seva ya zamani yenye betri ya saa ya CR2032 iliyokufa ikikosa umeme kabisa, inaamka ikidhani ni miaka mingi nyuma. Vyeti vya usalama vya TLS vinaonekana bado havijaanza, eduroam inakataa watu wote, Kerberos (utambuzi wa watumiaji) inagoma kwa tofauti ya saa inayozidi dakika tano. Unatafuta tatizo kwenye RADIUS, na tatizo ni kibetri cha bei ya soda. Badilisha kila miaka mitano, na DNS isipofanya kazi NTP (kurekebisha saa kupitia mtandao) nayo haitaipata seva yake kwa jina, basi weka angalau anwani moja ya namba kwenye `chrony.conf`.

Kosa la aina hiyohiyo: Proxmox inaitafuta seva ya diski kwa jina, jina linajulikana na DNS, DNS ni VM, VM iko kwenye seva ya diski. Mduara. Seva ya diski iandikwe kwa IP. Na kwenye `/etc/fstab` kila NFS (folda inayosomwa kupitia mtandao) iwe na `_netdev,nofail`, la sivyo mashine itasimama katikati ya kuwaka ikingoja diski ambayo bado inaamka.

#18 Dada_wa_Rafu

Bekapu nazo hupangwa saa nane usiku, saa ileile ya kukatika. Faili la nusu linabaki na jina zuri na tarehe nzuri, na siku ya haja unagundua ni nusu. Andika kwanza kwa jina la muda, hakiki, ndipo ubadilishe jina:

`mysqldump --single-transaction moodle > moodle.sql.muda`
`tail -1 moodle.sql.muda`

Mstari wa mwisho uwe `-- Dump completed on` na tarehe. Usipokuwepo, usibadilishe jina, na la jana lisifutwe. Kwa Moodle kumbuka ni vitu vitatu: hifadhidata, folda ya `moodledata`, na `config.php`. Ukiwa na hifadhidata peke yake una majina ya kazi za wanafunzi, kazi zenyewe hazipo.

#19 mzee_wa_swichi

Jenereta kwa ufupi. Ikishindwa kuwaka, angalia betri ya starta kwanza, nyingi hushindwa hapo. Iwashwe kila wiki robo saa IKIWA NA MZIGO. Kuiwasha tupu kunaijaza masizi. Ya 20kVA kwa nusu mzigo hunywa karibu lita 3 kwa saa, kwa hiyo tangi la lita 60 ni usiku mzima na ziada. UPS ikikataa umeme wa jenereta na kubaki kwenye betri, masafa yanayumba: fundi arekebishe gavana (kidhibiti mwendo wa injini) ikae 50Hz, na kwenye UPS punguza ukali wa kupokea umeme. Bandika kwa askari karatasi yenye picha tatu: kifungo cha kuwashia, swichi ya kubadilishia, namba ya simu ya zamu. Karatasi iwe ndani ya plastiki.

#20 kinyonga_2

Nimeelewa. Jaribio nilifanyeje bila kuvunja kitu?

#21 FundiSeva_Moro

Jumamosi asubuhi nje ya mitihani, tangazo lishatoka, bekapu imehakikiwa, wawili mko chumbani. Ijumaa jioni usiguse kitu.

Kwanza jaribu bila kuhatarisha: `upsc chuo@localhost` usome `ups.status`. OL ni umeme upo, OB ni betri. Chomoa plagi ya UPS ukutani kwa dakika moja, ione OB, rudisha. Ukiwa tayari kwa jaribio kamili, `upsmon -c fsd` kwenye seva kuu. Amri hiyo inazima kweli, si mchezo. Shika saa: andika dakika ambayo kila seva imezima, dakika ambayo UPS imekata matundu, dakika ambayo imerudisha, na mpangilio wa kuwaka. UPS isipokata, tatizo ni dereva au `POWERDOWNFLAG`. Ikikata mapema, ongeza `offdelay`. AC zijaribiwe siku hiyohiyo kwenye boksi la umeme. Kisha rudia kuchomoa plagi baada ya seva kuzima, urudishe umeme kabla UPS haijakata: hiyo ndiyo hali niliyoanza nayo uzi huu, na seva zikiamka zenyewe hapo, umefika.

Kama UPS yako inaruhusu, iambie isirudishe umeme mpaka betri ifike asilimia 30. Umeme wetu hurudi dakika tatu ukaondoka tena, na seva inayokatwa katikati ya kuwaka betri ikiwa tupu ndiyo inayoharibu diski.

#22 BinUnguja

UPS yetu haina USB, ina tundu la zamani la RS-232. NUT itaisoma?

#23 Stima_Imepotea (Eldoret)

Itaisoma, mara nyingi. Nunua waya wa USB kwenda RS-232, na kwenye `ups.conf` weka `driver = nutdrv_qx` na `port = /dev/ttyUSB0`. Tumia waya uliokuja na UPS yenyewe. Baadhi ya kampuni hupanga pini kivyake, na waya wa kawaida unaweza kuizima UPS unapouchomeka tu. Zile za aina ya Megatec hazitoi hesabu ya dakika zilizobaki, unaipa mwenyewe:

`runtimecal = 240,100,720,50`

Hapo unaiambia kwamba kwa mzigo wa asilimia 100 hushika sekunde 240, kwa asilimia 50 hushika 720. Usinakili zangu, pima zako kwa betri ulizonazo leo, na upime tena ukibadilisha betri.

#24 BinUnguja

Waya wa asili upo kabatini. Jumamosi in shaa Allah.